Usimwage Maji Yote: Niliyoongea Sahare Kuhusu Mabwawa ya Uani

Hapa chini ni yale niliyoongea Jumamosi asubuhi Sahare, hapa Tanga, uani kwa jirani yetu aliyejenga bwawa jipya, tulikuwa watu kama 40 hivi. Wengi walinitumia meseji wakaomba niandike manake walichelewa ama walikaa nyuma hawakusikia vizuri kwa upepo, basi nimeandika karibu vilevile nilivyoongea, na maswali nimeyaacha palepale yalipoulizwa.

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wote kwa ujumla habari za asubuhi. Wazee wangu mliokaa mbele shikamooni. Mama mwenye nyumba tunakushukuru kwa uwanja, kwa majamvi na kwa hii chai ya mchaichai, Mungu akujaze pale ulipopunguza.

Nimeitwa hapa kwasababu siku hizi ukipita mitaani, Sahare hapa, Mikanjuni, mpaka huko Kange na Pongwe, unakuta mtu ana kibwawa uani, mwingine cha simenti, mwingine kachimba shimo katandika turubai, huyu anataka perege wa kitoweo, yule anataka yungiyungi na kusikia maji yakitiririka jioni akitoka kazini. Mi nafurahi sana kuona hivyo. Ila kuna kitu kinaniumiza na ndo hasa kilichonileta: samaki wengi wanaokufa kwenye mabwawa mapya tunawaua sisi wenyewe kwa kusafisha. Tunamwaga maji yote, tunasugua kuta, tunajaza upya, tunakaa pembeni tunatazama maji yamekuwa kama kioo tunajisifu, kesho yake asubuhi samaki wako juu matumbo wazi.

Mi yalinikuta. Bwawa langu la kwanza lilikuwa mita 3 kwa mita 2, kina sentimita 80. Hesabu yake ni rahisi, zidisha urefu kwa upana kwa kina unapata mita za ujazo 4.8, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwahiyo lita 4,800. Naomba kila mwenye bwawa hapa aijue namba yake kwa moyo, manake chumvi, pampu, idadi ya samaki, vyote vinaanzia hapo. Sasa wiki ya tatu maji yakaanza kugeuka kijani na ukutani pakawa na utelezi. Mi nimelelewa na bibi ambaye hakuruhusu mtungi ulale na ukoga, nikaona aibu. Ijumaa mchana nikawatoa samaki wangu 26 nikawaweka kwenye mabeseni, maji yote nikamwagia migomba, nikasugua kuta kwa brashi na sabuni ya unga, nikasuuza mara mbili, nikafungulia bomba likajaa, samaki nikawarudisha. Jumamosi alfajiri 19 wamekufa. Wale 7 waliobaki walifuata kabla ya magharibi. Mwanangu alikuwa na miaka 6 wakati ule, wote alishawapa majina, akawa anawatoa mmoja mmoja kwa upawa na kila mmoja anamwita jina lake ndo anamlaza kwenye gazeti. Sijasahau mpaka leo na ndo maana nimesimama hapa.

Nilichowafanyia wale samaki nilikuja kukielewa baadae, na hiki naomba mkisikilize vizuri manake ukishakishika hiki mengine yanajileta yenyewe. Samaki akila, akipumua, akijisaidia, anatoa amonia ndani ya maji. Chakula kilichobaki kikioza kinatoa amonia, majani yakioza vilevile. Amonia ni sumu, inaunguza mashavu ya samaki, na huioni kwa macho, na kwa kiasi kile kinachoweza kuua samaki hata pua haikusaidii. Mungu akaweka bakteria. Wapo wanaoitwa Nitrosomonas, hao kazi yao kuichukua amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo bado ni sumu, inaingia kwenye damu ya samaki ikaifanya ishindwe kubeba hewa. Wanakuja bakteria wengine tena, Nitrospira na Nitrobacter, wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, na hiyo nitreti samaki anaivumilia na mimea inaila kama mbolea. Kazi hiyo inafanyika usiku na mchana, hupigi mtu simu wala humlipi mtu.

Sasa hawa bakteria wengi wao hawaelei kwenye maji, wamejibandika ukutani, kwenye mawe, kwenye mizizi, kwenye sponji ya filta. Ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ukutani ndo nyumbani kwao. Mi nilichukua brashi na sabuni nikawafukuza wote kwa mchana mmoja, alafu nikawatia samaki 26 kwenye maji ya bomba yenye klorini. Wangepona vipi?

Na bwawa jipya ndo hivyohivyo, linaanza bila hao bakteria, ama wapo wa kuhesabika. Watakuja wenyewe ila wanazaliana polepole, kwa kawaida inachukua wiki 4 mpaka 6 bwawa likae sawa, kwa joto letu hili la Tanga huenda ikawahi kidogo. Wiki za mwanzo amonia inapanda, ikianza kushuka inapanda nitriti, nayo ikishuka ndo bwawa limekomaa. Kwahiyo ukitia samaki 50 siku ya pili baada ya kujaza maji unawaingiza kwenye sumu yao wenyewe. Anza na wachache, kwa bwawa kama lile langu samaki 5 au 6 wanatosha kabisa, wape chakula kidogo, kaa nao mwezi mzima na ushee, ndo uongeze. Baadae hata bwawa likikomaa mi kwa bwawa la uani sizidishi samaki 3 kwa kila mita ya mraba. Na perege mjue wanazaliana haraka sana, ukizubaa miezi michache wamekuwa mia, kwahiyo wavue mle, msiwaonee huruma mpaka bwawa likawaelemea.

Mnajua pale Deep Sea, soko letu la samaki, tunavyochagua samaki, unafunua shavu unatazama wekundu. Basi fanya hivyohivyo kwa samaki wako akianza kuwa mzito, anajitenga kwenye kona hafuati chakula. Lowanisha mkono kwanza, mshike taratibu, funua shavu. Ukikuta rangi ya kahawia kama chokoleti badala ya wekundu basi hiyo ni nitriti. Badilisha robo ya maji kwa maji yaliyolala, acha kulisha siku 2, alafu chukua chumvi yetu ya mawe hii ya mashamba ya chumvi, kilo 1 kwa kila lita 1,000, iyeyushe kwenye ndoo uimimine kidogo kidogo kuzunguka bwawa. Chumvi inazuia nitriti isiingie kwenye damu. Usizidishe hapo, yungiyungi hazipendi chumvi.

Nimesema maji yaliyolala, ngoja nieleze. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka mto Zigi, unashuka kutoka Amani kule Usambara Mashariki mpaka bwawa la Mabayani, yanasafishwa na kutiwa klorini ili sisi na watoto wetu tusipate kipindupindu, na hilo ni jambo jema. Ila klorini haichagui, inaua na bakteria wa bwawani, na samaki inawachoma mashavu. Dawa yake ni subira tu. Jaza mapipa, yaache wazi juani siku 1 mpaka 2, ukipita ukoroge, klorini inaruka. Kila wiki toa sehemu 1 ya 10 ya maji ya bwawa urudishie hayo yaliyolala. Kwa lita 4,800 ni kama ndoo 24 za lita 20, asubuhi moja na vijana wawili mmemaliza, na yale mliyotoa peleka kwenye mchicha na migomba, utaona inavyonawiri.

Kuna wanaoniambia mimi sibadilishi, jua likikausha najazia. Hapana jamani. Maji yanayopaa na jua, hasa kipindi cha kaskazi, yanaondoka maji matupu, nitreti na chumvi vinabaki chini, ukijazia tu bila kutoa vinazidi kujilimbikiza. Lazima utoe kwanza.

Wenye visima. Maji ya kisima hayana klorini, hiyo ni faida, ila yakitoka ardhini yanakuwa na hewa kidogo, yamwage kutoka juu yajichanganye na hewa kabla hayajaingia bwawani. Wenye visima karibu na bahari onjeni kwanza, kama yana chumvi perege atavumilia, ila mimea yako itakuwa shida. Na eneo letu lina mawe mengi ya chokaa, yale mapango ya Amboni yenyewe ni chokaa iliyoliwa na maji kwa miaka na miaka, kwahiyo maji ya visima vingi huku ni magumu, sabuni haitoi povu vizuri, mnalijua hilo wenyewe. Maji magumu yana uzuri wake, pH, kile kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, haiyumbi. Ila mara nyingi pH yenyewe iko juu, na amonia inakuwa kali zaidi kwenye pH ya juu na kwenye joto, pH ikipanda kutoka 7 kwenda 8 ile sehemu yenye sumu inakaribia kuongezeka mara 10. Ndo maana mtu wa Lushoto kwenye baridi anaweza akakosea kidogo asione kitu, wewe wa hapa ukikosea vilevile unaokota samaki.

Bwawa la simenti mbichi nalo lina shida yake ya mwanzo. Simenti inatoa chokaa kwenye maji, pH inaruka juu sana, ukichovya vidole unasikia maji yanateleza kama ya sabuni. Jaza, acha wiki, mwaga, sugua kuta kwa brashi na siki, suuza, jaza tena, rudia mara 3. Hapo ndo mahali pekee ninapokubali maji yote yamwagwe, kabla kiumbe chochote hakijaingia. Mama mwenye nyumba hili lako lina siku ngapi? Siku 9. Basi bado, usimsikilize fundi anayekwambia kesho tia samaki.

Hapo mzee mmoja akanyoosha mkono, akasema mwanangu unayosema ni mazuri lakini marehemu baba yangu kule Muheza alikuwa na bwawa la samaki hana pampu, hana kupima, hana ndoo 24, na samaki tulikula. Nikamwambia mzee wangu umesema kweli tupu. Lile bwawa lilikuwa la udongo, tope la chini lilikuwa limejaa bakteria, bila shaka na maji yalikuwa yanaingia kwa mfereji upande mmoja yanatokea upande mwingine, akasema ndiyo, kulikuwa na kijito. Na bwawa lilikuwa kubwa samaki wachache. Kijito kilikuwa kinafanya kazi ambayo sisi huku uani tunaifanya kwa ndoo na pampu. Bwawa la uani ni dogo, maji yamefungwa, kosa dogo linakuwa kubwa kwa siku moja.

Sasa hewa. Hapa nitakaa kidogo. Februari moja umeme ulikatika saa nne usiku, joto lile mnalijua, hata shuka huwezi kujifunika. Saa kumi na moja alfajiri, adhana bado, nikasikia kutoka uani sauti ndogo ndogo, tpu, tpu, tpu, kama watoto wachanga wananyonya. Nikatoka na tochi ya simu. Bwawa zima midomo juu, samaki wamesimama wima wanavuta ile ngozi ya juu ya maji, hata mwanga hawaukimbii. Nikachukua sufuria la pilau, nikawa nachota maji ya bwawa nayainua mpaka usawa wa bega nayamwaga yarudi, nachota namwaga, mke wangu akaamka akachukua ndoo upande wa pili, tukaenda hivyo karibu saa nzima mpaka kukapambazuka, mikono ilikuwa inatetemeka. Hakufa hata mmoja. Tulipoacha, maji yalikuwa na povu jepesi na samaki wameshuka chini wanatembea kama kawaida, mke wangu akakaa kwenye ukingo pale kanga imelowa mpaka magotini akasema alhamdulillah.

Sababu yake ni kwamba maji yakipata joto yanashika hewa kidogo. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 inabeba oksijeni kama miligramu 9, ikifika nyuzi 30 inabaki kama 7 na nusu, na hapo ni maji yenye afya. Mchana mimea na ule ukijani vinatoa oksijeni, usiku vinaivuta vyenyewe, samaki anavuta, bakteria wanavuta, kwahiyo hewa inapungua usiku kucha na alfajiri ndo inafika chini kabisa. Ukitaka kujua hali ya bwawa lako usilitazame saa kumi jioni ukiwa na wageni, amka alfajiri. Midomo ikiwa juu alfajiri jua una samaki wengi kuliko hewa, ama unalisha sana, ama maji hayatembei.

Pampu ndogo ya kuzama inatosha, chagua yenye uwezo wa kuzungusha maji yote ya bwawa ndani ya saa 2, kwa lile langu ni lita 2,400 kwa saa. Maji yapandishwe yadondoke kutoka juu, kwenye mawe, kwenye kibati, popote, yavunjike vunjike, pale yanapovunjika ndo yanaposhika hewa. Kabla hayajadondoka yapitie kwenye filta, na filta wala sio mpaka ununue, pipa la plastiki lenye sponji chini, kokoto katikati, na nyavu kuukuu za kuvulia juu yake zimekunjwakunjwa, yangu ndo hiyo. Na kina cha bwawa kisipungue sentimita 60, mita 1 ni bora zaidi, kibwawa kifupi kinachemka mchana. Asiye na pampu basi apunguze samaki na akubali kuamka na sufuria siku za joto.

Ukijani. Jamani maji ya kijani sio ugonjwa. Ni mimea midogo isiyoonekana mmoja mmoja, imepata jua na mbolea. Kiasi chake ni chakula cha perege. Kipimo chake ni mkono wako mwenyewe: zamisha mkono taratibu viganja wazi mpaka maji yafike kwenye kiwiko, kama bado unaviona vidole uko salama, kama vimepotea ukijani umezidi na alfajiri hewa itakusumbua. Hapo punguza chakula, toa maji kidogo zaidi ya kawaida, na weka kivuli. Mi nasema nusu ya uso wa maji ifunikwe, na hakuna kinachofunika vizuri kama yungiyungi, majani yake yanazuia jua, mizizi inakula nitreti, na maua yake asubuhi, basi tu. Panda kwenye karai lenye udongo wa mfinyanzi, juu tandaza kokoto samaki wasiufukue.

Ila gugu maji usilete. Najua lina maua mazuri na mtu atakupa bure. Ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, Ziwa Victoria wameteseka nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, likikutoka likaingia mtaroni wakati wa masika likafika mtoni hutalirudisha. Na samaki pia, usiwamwage mtoni ukichoka nao. Mito yetu ina perege wake wa asili, yupo hata anayeitwa kitaalamu Oreochromis korogwe, kwa jina la Korogwe yetu hii, tukimwaga sato wa kufugwa wanachanganyika nao na kuwasukuma.

Mdada mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza je mbu, manake mumewe kakataa bwawa kwa sababu ya malaria na dengi. Nikamwambia mumeo ana haki ya kuuliza. Mbu anataga kwenye maji yaliyotulia, na kwenye joto kama letu kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 mpaka 10. Bwawa lenye samaki na maji yanayotembea mbu hawapati nafasi, perege wadogo wanavila viluilui vyote. Na hii sio elimu ya juzi, wazee wa mwambao waliijua, kwenye nyumba za kale za mawe kule Lamu ndani ya birika la maji waliweka samaki wadogo kwa kazi hiyohiyo. Hatari ni bwawa lililojazwa maji likasubiri samaki mwezi mzima, hilo ndo linazalisha mbu, na vile vifuu na makopo na matairi yaliyozunguka nyumba. Kwa kipindi hicho cha kusubiri ipo dawa ya kuua viluilui iliyotokana na bakteria, inayotengenezwa hapahapa nchini, kiwanda kiko Kibaha, inaua viluilui na haidhuru samaki, muulize afisa afya wa kata. Msitie mafuta ya taa, naomba sana, msitie mafuta ya taa.

Na chandarua chenye dawa usikifunike kwenye bwawa. Nimeona watu watatu wamefanya hivyo kuzuia majani na kunguru. Dawa iliyomo kwenye vyandarua, binadamu tunalala nayo bila shida, ila kwa samaki ni sumu kali, hata kikifuliwa maji yake yasifike bwawani. Vilevile dawa za kupuliza mbu na mende, usipulizie upande ule.

Kuna jambo la miti ambalo nadhani hamjawahi kuambiwa. Nyua zetu nyingi ni za minyaa. Ukikata mnyaa yale maziwa yake yanaua samaki, wavuvi wa zamani walikuwa wanauponda wanautia kwenye madimbwi samaki wanalewa wanaelea. Kwahiyo siku ya kupunguza uzio funika bwawa kwa turubai, kusanya vijiti vyote, na kama bwawa bado hujalijenga lisogeze mbali na uzio. Majani ya mwembe na mkorosho hayaui, ila yakilala chini yanaoza, yatoe kila siku kwa kitunga ama wavu.

Masika yakianza maji ya uani yatataka kuingia bwawani, yanakuja na udongo, sabuni za karo, dawa ya mchwa, kila kitu. Ukingo uinuke juu ya ardhi sentimita 15 mpaka 20, na weka bomba la kutolea maji yaliyozidi lenye wavu mdomoni samaki wasitoke. Na huo ukingo ukiwa juu unasaidia na watoto wasitumbukie, ingawa mi nasema hautoshi, mwenye mtoto mdogo aweke fremu ya nondo ama wavu mgumu juu ya bwawa lote, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya sentimita chache tu na hapigi hata kelele. Hili halina mjadala.

Kuhusu chakula nitasema haraka. Mpe kile anachokimaliza kwa dakika 5, kikibaki ulizidisha. Pumba na dagaa wa kusaga ni sawa, ugali uliobaki na wali wa jana usimwage humo.

Swali la mwisho lilitoka kwa kijana mmoja, akasema bro filta yangu imeziba naiosha na nini. Nikamwambia usiioshe bombani. Chota maji ya bwawa kwenye ndoo, minya sponji humo mara mbili tatu mpaka maji yapite, irudishe palepale, isikauke juani. Nikaenda kwenye pipa nililokuja nalo nikatoa sponji ya bwawa langu nikaipitisha kwa watu waishike. Ina tope la kahawia, laini kama uji, ukiinusa haina uvundo, ina harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza. Ukinusa ukakuta inanuka yai bovu basi hewa haifiki. Lile tope ndo bakteria wenyewe, miaka yote hii, na ukiliminya ndani ya filta ya bwawa jipya zile wiki 4 mpaka 6 zinapungua sana.

Kwahiyo anayetaka aje nyumbani Jumamosi ijayo asubuhi kabla jua halijawa kali, aje na chupa yenye mdomo mpana aliyoisuuza bila sabuni. Nitamminyia tope bure. Samaki wangu hawana ugonjwa, mtawatazama wenyewe kabla hamjachukua. Chupa usiijaze mpaka juu na usiifunge kabisa manake wanahitaji hewa, ukifika nyumbani mimina moja kwa moja kwenye filta pampu ikiwa inafanya kazi, usisubiri jioni. Mama mwenye nyumba wewe ukishamaliza zile awamu 3 za kujaza na kumwaga nipigie, la kwako nitalileta mwenyewe.